Je, Mwanamichezo Ni Mfano Mwema kwa Mtoto?

SWALI: Mhariri, mwanangu wa miaka 13 amebandika ukutani picha ya mshambuliaji mmoja wa Ulaya, na anataka anyolewe kama yeye. Hilo nimelivumilia. Juzi, wakicheza kwenye kiwanja cha mchanga jirani na nyumbani, nilimwona akijiangusha bila kuguswa, akalishika goti na kugaagaa. Mwamuzi alipotoa penalti, akainuka anacheka. Nilipomkanya, alinijibu kwamba hata wakubwa hufanya hivyo. Je, wachezaji hawa wanafaa kuwa mfano kwa watoto wetu?
Mama mzazi, Chikongola, Mtwara

JIBU: Dada yangu, mwanao hakukudanganya. Wakubwa hufanya hivyo, naye bila shaka ameyaona hayo kwenye kibanda umiza pamoja na wenzake. Ndiyo maana sikubaliani na desturi yetu ya kumwita kila mwanamichezo kioo cha jamii, kwani mchezaji tunamwona kwa dakika 90 tu, na mwenendo wake baada ya hapo hatuujui. Mwendesha baiskeli Lance Armstrong wa Marekani, aliyesifiwa kwa kupona saratani na kurudi kushinda, alivuliwa mwaka 2012 mataji yake yote 7 ya Tour de France kwa kutumia dawa zilizopigwa marufuku, na wazazi waliokuwa wamemtaja mbele ya watoto wao walibaki hawana la kusema.

Hata hivyo, picha ile nisingeibandua. Ningemsimulia mtoto habari za Mtanzania mwenzake, John Stephen Akhwari, ambaye katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 alianguka na kuumia goti, lakini hakujitoa. Aliingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, giza limeshaingia na watazamaji wengi wameshaondoka. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio, bali kuzimaliza. Mwanao naye alishika goti; mwache ayalinganishe magoti hayo mawili mwenyewe. Kinachofaa kuigwa ni tendo lile, ambalo tunalijua lilivyokuwa, na hatulazimiki kuyadhamini maisha yote ya aliyelitenda.

Siku kukiwa na mechi katika uwanja wa Nangwanda Sijaona, mpeleke mapema, awaone wachezaji wakipasha misuli moto, wakirudia pasi ileile mara nyingi kabla ya filimbi, kwa kuwa kazi hiyo kibanda umiza hakimwonyeshi. Zungumza pia na mwalimu wa timu yake. Huyo anamwona mtoto karibu kila jioni, na akimtoa nje siku moja kwa kujiangusha, atasikilizwa kuliko wewe na mimi.

Kuhusu nywele, usigombane naye; kanuni za shule yake zitatosha.