Idadi ya wahitimu kwa mhadhiri haipimi ufundishaji

Mkuu, umeuliza kwa nini tusichukue idadi ya wahitimu, tukaigawa kwa idadi ya wahadhiri, tukajua chuo kipi cha umma kinafundisha kwa ufanisi. Nimekuwa mkufunzi msaidizi miaka minne kwenye chuo kimoja cha umma hapa Tanzania. Kwa hesabu yako, idara yetu ingeongoza.

Tulikuwa na kozi ya mwaka wa kwanza yenye wanafunzi 600. Waliochelewa walisikilizia dirishani. Karatasi moja ya mtihani ukiisoma dakika 10 tu, hizo 600 ni saa 100, na wasahihishaji tulikuwa wawili, vipindi vingine vikiendelea. Basi maswali ya kujieleza yakaondolewa, yakabaki ya kuchagua jibu. Semina za watu 20 zikafika 75. Kwenye makaratasi gharama ya kila mwanafunzi ilishuka! Wanafunzi haohao nikaja kuwasimamia mwaka wa tatu wakiandika ripoti za utafiti, na wengi hawakuwahi kurudishiwa hata insha moja yenye maoni ya mwalimu. Iliniuma, na bado inaniuma.

Kupima ufanisi wa vyuo, watafiti wengi hutumia DEA (Data Envelopment Analysis), mbinu ya hesabu ya Charnes, Cooper na Rhodes ya mwaka 1978, inayolinganisha kinachotumika na kinachopatikana. Ina faida zake, ila inapima chuo kwa kukilinganisha na vyuo vingine vilivyomo kwenye hesabu. Kama vyote vimejaza kumbi na kinachohesabiwa ni wahitimu tu, aliyejaza zaidi ndiye anakuwa mfano wa kuigwa.

Mimi ningeanzia kwenye krediti. Kwa utaratibu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kujisomea kukiwemo. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Je, ngapi zilifanyika kweli? Semina ngapi hazikufanyika? Kazi zilirudishwa baada ya wiki ngapi?

Halafu wafuate waliodahiliwa mwaka mmoja hadi mwisho: nani kamaliza kwa wakati, nani kasapu (karudia mtihani), nani kakeri (kabeba somo alilofeli hadi mwaka unaofuata), nani kadisko (kaondolewa masomoni kwa kufeli). Walioondoka kwa kukosa ada watenge, hao hawakupotezwa na mwalimu.

Anza na kozi moja kubwa ya mwaka wa kwanza. Daftari la mahudhurio ya semina na tarehe za kurudisha kazi vinatosha kwa muhula wa kwanza.