Muhogo wa juzi, tui linalokatika na mengineyo

Nilinunua muhogo Kongowea Jumamosi. Jumatatu kuukata, nikakuta mistari ya buluu ndani. Nitupe? (Likoni)

Mistari michache, kata pale ilipo upike palipobaki. Ikienea au muhogo ukinuka, tupa. Muhogo ukishang'olewa siku mbili tatu tu huanza kuharibika, na uliochubuliwa na jembe hauchelewi. Siku nyingine mwambie muuzaji auvunje mbele yako. Ndani pawe peupe pe. Ukifika nyumbani umenye siku hiyo hiyo, ukate vipande, uweke kwenye friza. Huna friza? Ufukie na ganda lake kwenye mchanga wenye unyevunyevu.

Watoto wangu hutafuna muhogo mbichi, mama mkwe anasema hauna neno. Nani mkweli? (Bamburi)

Bibi nampa heshima yake, na wengi wetu tumekulia kutafuna muhogo mbichi wa aina ya Kibandameno. Hata hivyo, watoto nisingewaacha. Muhogo wowote una kitu ambacho ukitafunwa hutoa sumu ya sianidi. Mtamu unacho kidogo, mchungu unacho kingi, na kwa macho huwezi kuutambua huu na ule. Ganda ndilo lililobeba zaidi, basi menya vizuri, chemsha kwa maji mengi kisha uyamwage. Ule mchungu kuchemsha tu hakutoshi: hurowekwa siku kadhaa mpaka ulainike, ukaanikwa, ndipo ukasagwa unga. Na kisamvu je? Majani nayo yana sumu hiyo, kwa hivyo yatwangwe kabisa na yachemshwe sana kabla ya kutiwa nazi.

Muhogo wangu wa nazi tui hukatika. (Tudor)

Moto wako mkali, bibie. Upike kwanza kwa tui jepesi, uive. Tui zito ni la mwisho, moto mdogo, koroga taratibu na usifunike. Ndimu baada ya kuepua.

Muhogo na kiazi kikuu si kitu kimoja?

Hapana. Kiazi kikuu ni mmea unaotambaa. Muhogo ni mti.

Nina kiwanja kidogo Kisauni. Nipande mbegu gani? (msomaji wa kiume)

Muhogo hupandwa kwa vipande vya mti wake uliokomaa, sentimita 20 hadi 30, mvua za masika zinapoanza. Usikate kwenye mti wenye majani yaliyokunjamana na mabaka ya njano. Hiyo ni batobato, utakuwa umejipandia ugonjwa. Inzi weupe nao huusambaza. Mbaya zaidi ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia: mti unaweza kupendeza juu, ukichimba unakuta mizizi imeoza. Ugonjwa huo ulielezwa Tanganyika tangu 1936 na bado unatuhangaisha. Kwa hivyo usiombe miti kwa jirani kabla ya kupita kituo cha KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo), Mtwapa, ambako zimetoka aina kama Tajirika na Shibe. Hizo huvumilia magonjwa kuliko Kibandameno. Utavuna baada ya miezi 8 hadi 12. Kwa utamu, lakini, mimi bado niko na Kibandameno.