Molekuli zina mbio, mbona harufu huchelewa?

SWALI: Kitabu changu cha fizikia kinasema molekuli za hewa huenda kwa kasi ya mita 500 hivi kwa sekunde. Mbona manukato yakimwagika pembe moja ya chumba, harufu hufika pembe ya pili baada ya dakika kadhaa?

JIBU: Si wewe wa kwanza kushangaa. Mwanasayansi Mholanzi Buys Ballot aliitumia hoja hii hii kuipinga nadharia ya mwendo wa gesi, inayosema gesi ni molekuli zinazokimbia huku na huko, na mwaka 1858 mwanafizikia Mjerumani Rudolf Clausius, aliyeitetea nadharia hiyo, akalazimika kumjibu.

Kitabu chako hakidanganyi. Kasi ipo, ila njia haipo. Molekuli ya hewa ikisogea nanomita 70 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), imeshagonga nyingine na kugeuzwa upande. Migongano hiyo hufika bilioni 7 kwa sekunde. Molekuli za manukato ni nzito zaidi, zinakwenda polepole zaidi, na zinapita katika msongamano huohuo. Ni kama mlevi anayepepesuka: hutembea usiku kucha na asifike mbali. Kusambaa huku kwa kugongana-gongana ndiko kunakoitwa msambao.

Hapo hesabu huwa kali: umbali ukizidi mara 10, muda huzidi mara 100. Kwa bakteria mwenye urefu wa maikromita chache hilo si tatizo. Oksijeni humpenya kwa sehemu ndogo ya sekunde, hana haja ya moyo wala mapafu. Chumba cha mita 5 ni habari nyingine. Hewa ingekuwa imetulia kabisa, ungesubiri siku kadhaa! Zile dakika chache ulizopima ni kazi ya mikondo ya hewa inayosukumwa na joto la mwili wako, mlango unaofunguliwa, mtu anayepita. Walimu wengi, nami nikiwemo zamani, huusifu msambao kwa kazi ya mikondo.

Ndani ya Jua mambo ni yaleyale. Kutoka kitovuni hadi usoni ni kilomita 696,000 hivi, mwendo wa sekunde 2 na kidogo kwa mwanga ulionyooka. Lakini mwanga huko hutawanywa, humezwa na kutolewa upya kila hatua, hata nishati ikachukua maelfu mengi ya miaka kupanda. Makadirio mengine hupita 100,000. Na kama chumbani kwako, mikondo ndiyo inayoiokoa: katika asilimia 30 hivi ya nje ya Jua, gesi ya moto hupanda na iliyopoa hushuka, ikibeba nishati hadi usoni. Ikishatoka hapo haina wa kugongana naye, na baada ya dakika 8 na sekunde 20 hivi imetufikia.