Kisima kimejaa nyufa: mkazo wa mwamba utapimwaje?

Swali: Tunapima mkazo (nguvu inayoubana mwamba) kwenye trakiti, aina ya mwamba wa volkano, mita 800 chini, kwa kusukuma maji mpaka mwamba upasuke. Grafu haina kilele. Presha inapanda, halafu inatulia. Je, jaribio limeharibika? (Mwanafunzi wa jiolojia, Nakuru)

Jibu: Huenda halijaharibika, ila umepima kitu kingine. Kilele hutokea maji yanapopasua mwamba usio na ufa. Hapo kwenu yaelekea ufa ulikuwapo, maji yakaufungua tu. Presha unayoisoma mara tu baada ya kuzima pampu na kufunga vali ndiyo inayoubana ufa huo, kwa mwelekeo wake. Usikimbilie kuiandika kuwa mkazo mdogo kabisa wa eneo.

Kwanza hakikisha maji hayakuzunguka mipira ya kuzibia kisima juu na chini ya sehemu inayopimwa. Weka kipima presha chini ya mpira wa chini: kikipanda unaposukuma, maji yamepita kwenye nyufa za pembeni, na namba zote za siku hiyo ni za kutupa.

Kama mipira imeshika, acha kuzikwepa nyufa, zitumie. Piga picha ukuta wa kisima kwa mawimbi ya sauti, chagua nyufa zilizojitenga, zenye mielekeo tofauti, kisha zifungue moja moja, polepole, ukirudia kila moja mpaka presha ya baada ya kufunga vali isibadilike. Mkazo una namba 6 zisizojulikana, kwa hiyo nyufa 6 ndiyo kima cha chini. Mimi ningetaka zaidi, kwani hazikosi moja au mbili za kudanganya. Uzito wa miamba ya juu unasaidia: kwa kilo 2,500 kwa mita ya ujazo, mita 800 zinakupa kama megapaskali 20. Lakini tufu (mwamba wa majivu ya volkano) na pumisi (jiwe la volkano lenye matundu) ni nyepesi, basi pima msongamano, usikisie.

Kukata mche wa mwamba na kupima unavyotanuka, sahau. Utatoka vipande vipande.

Kuna mtego mwingine kwenye visima vya jotoardhi kama vya Olkaria, ambako joto huvuka nyuzi 300. Mpira hauvumilii joto hilo, kwa hiyo watu hupima kisima kikiwa bado kimepozwa na maji ya kuchorongea. Mwamba uliopoa husinyaa, na ufa hufunguka kwa presha ndogo kuliko kawaida. Andika halijoto kando ya kila kipimo.

Tena msipuuze maji yanayopotea wakati wa kuchoronga. Kwenye tufu ya Yucca Mountain, Nevada, mkazo wa mlalo ulikuwa mdogo kiasi kwamba uzito wa maji ya kuchorongea peke yake ulipasua ukuta wa kisima, na mipasuko hiyo ikaonyesha mwelekeo wa mkazo. Bonde la Ufa nalo linavutwa takriban mashariki na magharibi, jambo linalopunguza mkazo wa mlalo, kwa hiyo itafuteni mipasuko ya namna hiyo kwenye picha zenu kabla ya kukodi pampu tena.