Kibao cha "MBWA MKALI" hakikutoi kwenye kesi

Mkuu, umesema mbwa wako kamng'ata kijana wa taka getini, mwenyekiti wa mtaa anataka mbwa aondoke, na wewe unajitetea kwamba kibao kipo ukutani. Kibao hicho kinaweza kukugeukia: kinaonyesha ulijua mbwa ni mkali na bado akawafikia watu. Kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamhusu anayeacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama anayemmiliki. Gharama za matibabu kijana huyo anaweza kukudai kando, kwa kesi ya madai. Sheria ndogo hutungwa na kila halmashauri, kwa hiyo usibishane na mwenyekiti; mwombe akuonyeshe kifungu, kisha muende wote kwa afisa mifugo wa kata.

Lakini majeruhi kwanza. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, hata kama ni mchubuko tu. Hakuna kupaka mafuta wala kitunguu. Hospitali siku hiyo hiyo, na PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, ichukuliwe bila kuchelewesha tiba. Chanjo ya majeruhi dhidi ya kichaa cha mbwa huanza siku ya 0, yaani siku ya sindano ya kwanza, halafu ya 3, ya 7 na kuendelea kadiri daktari atakavyopanga.

Mbwa usimuue. Mfungie siku 10, afisa mifugo akimwangalia. Akimaliza siku hizo mzima, maana yake siku aliyong'ata mate yake hayakuwa na virusi vya kichaa. Wengi wanakosea hapa: wanamponda kichwa kwa rungu, na ubongo ndio unaopimwa maabara. Kadi ya chanjo ya mbwa iwe hai pia. Chanjo huanza akiwa na miezi 3 na hurudiwa kila mwaka. Kadi iliyopitwa na tarehe haikutetei.

Sasa geti, maana shida iko hapo. Mageti yetu ya kusukuma huacha uwazi chini, mbwa anapitisha mdomo na kudaka kifundo cha mpita njia. Chomelea bati hadi uwazi ubaki chini ya sentimita 5. Banda liwe na mlango wake na komeo la nje. Mlinzi na dada wa kazi wajue mpangilio mmoja: mbwa bandani, komeo, ndipo geti lifunguliwe, hata kama bosi anapiga honi nje kama kichaa. Mnyororo wa kutwa nzima usiufanye suluhisho. Unamzidishia ukali, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 ipo.

Ukimpeleka kwa daktari wa mifugo, mvike kifunga mdomo cha wavu, kile kinachomwacha ahemee kwa ulimi. Mbwa hapoi mwili kwa jasho kama sisi. Ukimkaza mdomo kwa kitambaa kwenye joto la Dar, kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, unaweza kufika na mzoga.