Jua limenitia kiwi: ni Kiswahili, au ni rangi ya viatu?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nafundisha darasa la sita hapa Ngamiani, Tanga. Mwezi uliopita tuliwapeleka watoto Mapango ya Amboni. Mlangoni mwa pango mtembezaji wetu alisema, "Simameni kwanza, macho yazoee kiza." Tulipotoka, mtoto mmoja alijifunika uso akasema, "Jua limenitia kiwi." Mwalimu mwenzangu akamkosoa palepale: kiwi ni rangi ya viatu, sema "nimepofuka kwa muda". Nani yuko sahihi? Na ile hali ya kutoona unapoingia pangoni, nayo ni kiwi, au ina jina lake?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Mtoto alisema Kiswahili kizuri, na nakuomba umwambie hivyo mbele ya wenzake, maana alikosolewa mbele yao.

Kiwi ni neno letu la siku nyingi. Ni hali ya macho kushindwa kuona sawasawa kwa sababu yamepigwa na mwanga mkali. Limo katika ngeli ya KI-VI, ingawa wingi wake huusikii midomoni mwa watu. Husemwa kiwi, au kiwi cha macho. Mwanga ndio unaotia kiwi: taa za lori zimenitia kiwi, bati jipya la jirani linanitia kiwi kila asubuhi. Rangi ya viatu ilipewa jina lake Australia mwaka 1906, ikiitiwa ndege wa New Zealand, na tunda likaja kuitwa kwa jina la ndege huyohuyo mwaka 1959. Hayo na kiwi chetu yanafanana sauti tu, undugu hayana. Ama "kupofuka", hilo ni neno zito. Aliyepofuka amepoteza macho yake, na si vyema kumtwika mtoto neno hilo kwa jambo la sekunde chache.

Swali lako la pili ndilo lililonikalisha. Bibi yangu alikuwa akirudi sokoni saa saba mchana, jua la utosi. Akishakanyaga kizingiti husimama, mkono mmoja ameushika mwimo wa mlango, kapu bado liko mkono wa pili. Sisi tulikimbilia kumpokea, naye husema, "Ngojani, nina kiwi cha jua." Alikuwa ameshaingia kivulini, jua kaliacha barabarani, na bado alilitaja jua. Nilipofika sekondari nilijiona najua zaidi yake. Nikawa nasema moyoni: kiwi ni cha mwangani, huku ndani kuna kiza, vipi awe na kiwi?

Bibi ndiye aliyekuwa sahihi, na ushahidi umo ndani ya jicho lenyewe. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina, na humo mna seli za aina mbili zinazopokea mwanga. Rodi ni nyingi mno, kati ya milioni 90 na 120 katika kila jicho; hizi huona kwenye mwanga hafifu na hazitambui rangi. Koni ni kama milioni 6. Hizi hutaka mwanga wa kutosha, na ndizo zinazotupa rangi na kutuwezesha kusoma herufi ndogo. Ndani ya rodi mna kemikali yenye rangi ya zambarau nyekundu, rodopsini. Mwaka 1876 mtaalamu wa Kijerumani, Franz Boll, aliona kwamba retina ya chura aliyekaa gizani ina rangi hiyo, na ikiwekwa mwangani hupauka. Naam, hupauka, kama kanga iliyosahauliwa kwenye kamba. Tofauti ni kwamba kanga haiirudii rangi yake, na rodopsini hujengwa upya.

Sasa mwangalie bibi mlangoni. Njia nzima kutoka sokoni jua limekuwa likizipausha rodi zake, na koni ndizo zilizokuwa kazini. Anapoingia ndani, mwanga uliobaki hauzitoshi koni, na rodi zimepauka. Kutoona kwake kunahisiwa ndani ya nyumba, lakini kulitiwa nje, barabarani, na jua. Kwa hiyo "nina kiwi cha jua" ni kauli iliyonyooka kabisa, na mimi nawaambia wanafunzi wangu waitumie bila woga. Kwa mtoto wako aliyekuwa akitoka, kiwi kilikuwa cha namna nyingine: macho yaliyokwisha kuzoea kiza, yamekuwa mepesi kuhisi hata chembe ya mwanga, yakakumbana na mchana wa Tanga kwa ghafla. Rodi huzidiwa, koni hujipunguzia wepesi wake, na baada ya sekunde chache, au dakika chache kwa ukamilifu wake, mambo yametulia.

Kuingia hakuna haraka hiyo, na hapa namsifu mtembezaji wenu. Hakusema "kiwi kiwatoke". Alisema "macho yazoee kiza". Kiwi ni kitu unachotiwa, kuzoea ni kazi inayofanywa na macho yenyewe. Ila tuwe waangalifu na nyakati za kitenzi. Watu wakikaa pangoni kidogo husema "macho yameshazoea". Koni hufika mwisho wa uwezo wake baada ya dakika 10 hivi. Rodi huendelea kujirudishia rodopsini hadi nusu saa na zaidi, na kila dakika zinaona mwanga hafifu kuliko dakika iliyotangulia. Kwa dakika zile za mwanzo, basi, kauli ya kweli ni "macho yanazoea", -na- na si -me-. Na mwenzenu akikugeuzia tochi usoni, rodi hupauka tena na kazi inaanza upya. Huko ndiko kutiwa kiwi pangoni.

Jambo jingine linalosahauliwa: macho huzoea kiza, hayazoei giza totoro. Ndani kabisa ya Amboni, tochi zote zikizimwa, hata ukikaa saa nzima hutauona mkono wako, maana hakuna mwanga wowote wa kuhisiwa. Kiza na giza ni neno moja kwa matamshi mawili, yote sanifu, lakini neno totoro likiongezwa, usiwaahidi watoto kwamba macho yatazoea.

Nimesoma pia mahali pengi kwamba "mboni huzoea giza". Mboni hutanuka, basi. Kutoka milimita 2 hadi 8 kwa upana huongeza mwanga unaoingia mara 16, ilhali jua hung'aa takriban mara 400,000 kuliko mwezi mpevu. Kazi kubwa ni ya retina.

Ukitaka watoto wazione rodi zikipokea zamu, hamhitaji pango. Wakalishe barazani wakati wa magharibi na kanga mbili, moja nyekundu na moja ya buluu, zilizokuwa sawa kwa kung'aa mchana. Utusitusi ukiingia, nyekundu huanza kuwa nyeusi wakati buluu bado inaonekana, kwa sababu rodi karibu hazihisi mwanga mwekundu. Mtaalamu wa Kicheki Jan Purkinje aliliona jambo hilo kwenye maua, karne ya 19.

Kuna matumizi mamoja ya kiwi ambayo nawaomba wazazi wayaache. Mtoto anajikwaa kila jioni, wenzake wanacheza yeye anapapasa ukuta, na watu wazima wanasema "ana kiwi huyo". Kiwi huondoka. Kutoona usiku kwa siku nyingi ni upofu wa usiku, na mara nyingi chanzo chake ni upungufu wa vitamini A, ambayo mwili huitumia kutengeneza rodopsini. Mtoto huyo apelekwe kituo cha afya. Matone ya vitamini A hutolewa kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, na nyumbani kuna mchicha, kisamvu, papai, maini na viazi lishe. Jina jepesi lisitucheleweshe hapa.

Nimetumia rodi na koni, na huenda darasani wakakuuliza. Wako wanaopenda kuita koni "pia", kwa umbo la pia ya kuchezea. Umbo linafaa, lakini jaribu kuandika "pia pia zinahisi mwanga" uone msomaji anavyokwama. Koni watoto wanaijua, wanailamba kila siku. Yote mawili ni ya ngeli ya I-ZI: rodi imepauka, rodi zimepauka, si "marodi".

Kwa ripoti ya safari yenu, mtoto wako anaweza kuandika hivi: "Tulipoingia pangoni tulikuwa na kiwi cha jua, tukasimama, na taratibu macho yetu yakawa yanazoea kiza. Tulipotoka, jua likatutia kiwi tena." Mwalimu mwenzako akilipigia mstari mwekundu, mwonyeshe kamusi.