Maswali na Majibu: Shinikizo la Ghafla katika Mabomba ya Umeme wa Maji

Kwa nini vali ikifungwa haraka inaweza kupasua bomba lililodumu kwa miaka mingi?

Maji yanayokwenda kasi yakizuiwa ghafla hujibana, na wimbi la shinikizo hupanda bombani kuelekea bwawani kwa mwendo unaoweza kufikia takriban mita 1,200 kwa sekunde ndani ya chuma. Maji ya mita 4 kwa sekunde yakisimamishwa papo hapo, shinikizo huongezeka kwa kiasi kinacholingana na kimo cha maji cha karibu mita 490, juu ya lile ambalo bomba lilikuwa linabeba tayari.

Bomba letu lina urefu wa mita 600. Tufunge kwa muda gani?

Wimbi huenda na kurudi kwa sekunde 1, kwa hiyo kufunga ndani ya muda huo hakutofautiani na kufunga papo hapo. Mkichukua sekunde 10, na mtiririko ukapungua kwa mwendo ulio sawa, ongezeko hushuka hadi karibu mita 49. Sharti hilo la mwendo ulio sawa ndilo linalosahaulika: vali nyingi hukata sehemu kubwa ya maji katika mizunguko ya mwisho, na hapo ndipo mkono unapaswa kwenda polepole zaidi.

Jenereta ikitengana na gridi, si lazima tufunge upesi?

Turbini isiyo na mzigo huongeza kasi kwa hatari, lakini kuinusuru kwa kulihatarisha bomba si suluhisho. Katika turbini ya Pelton, inayozungushwa na mchirizi wa maji, kibao hukingama haraka mbele ya mchirizi huo na kuukengeusha, huku sindano inayoudhibiti ikifungwa taratibu. Kwa turbini ya Francis, ambayo maji hupita yakiwa yameijaza yote, hutumika vali ya kupunguzia shinikizo, au tangi la kusawazisha lililo karibu na mtambo, ambalo hupokea maji yanayozuiliwa.

Je, shinikizo likishuka kuna hatari?

Ipo, na mimi huiona kuwa ndiyo inayopuuzwa zaidi. Katika kituo cha Oigawa nchini Japani, mwaka 1950, vali iliyofungwa kwa haraka ilizua wimbi lililopasua bomba; maji yalipotoka kwa kasi kupitia ufa huo, sehemu ya juu ilibaki na shinikizo dogo kuliko la hewa ya nje, nayo ikabonyea. Vali za kuingiza hewa, zilizowekwa mahali panapofaa na kukaguliwa mara kwa mara, huzuia ubonyeaji wa namna hiyo.